Siku Kigoda Kilipopata Mwenyewe

Jina la nchi yetu silitaji, maana kwa sasa liko kwenye kamati linafanyiwa ukarabati, na mimi si mtu wa kuitangulia kamati. Ukitaka kuijua nchi yetu, ijue kwa hili moja: kwetu hakuna tatizo lisilo na chanzo. Nchi za wenzetu matatizo yanazurura tu barabarani, hakuna ajuaye yametoka wapi. Sisi chanzo tunakitafuta kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe unanihusu, kwa sababu mimi ndiye ninayekibeba Kigoda.

Watu wa mtaani kwangu wananiita hamali. Wana lao jambo. Cheo changu ni Mchukuzi Mkuu wa Kigoda cha Taifa. Nina kofia, nina koti la vifungo vya shaba, na nina bega la kulia lililoshuka chini ya la kushoto, ambalo daktari wa serikali alilitazama akasema ni la kawaida kwa mtu wa cheo changu.

Kazi yenyewe iko hivi. Likitokea jambo baya, ninakipeleka Kigoda kwa mkubwa wa kwanza anayehusika. Yeye husimama mbele yake, hutoa hotuba ya kueleza kwa nini jambo hilo si lake, kisha hutaja ofisi inayofuata. Ninakibeba, ninakwenda. Huko nako ni hotuba na safari nyingine. Atakayekikalia, huyo ndiye chanzo, na shauri limekwisha. Na kama kengele ya kufunga ofisi ikilia hakijakaliwa, mwenye ofisi kilikokutwa huhesabiwa amekikalia, apende asipende.

Tangu tupate uhuru hakuna binadamu aliyewahi kukikalia. Daraja kubwa lilipoanguka, chanzo kilikuwa mto. Kipindupindu kilipoingia, chanzo kilikuwa inzi. Mtihani wa taifa ulipovuja, chanzo kilikuwa mvua, na mpaka leo sijaelewa vizuri, lakini hotuba ilikuwa tamu. Ndiyo maana ukikitazama Kigoda utaona miguu yake imechubuka yote kwa kubebwa, ila pale pa kukalia bado panang'aa vanishi ya seremala.

*

Sasa, habari ya Sudi. Sudi, mtoto wa Siwema, mkazi wa Mabanda Mapya, aliiba Kituo cha Vijana.

Usicheke, ni kweli. Mabanda Mapya palikuwa na kiwanja cha mpira. Serikali ikawaonea vijana huruma, ikakichukua kiwanja ili iwajengee kituo chenye maktaba, ukumbi na bwawa la kuogelea. Ukajengwa ukuta kukizunguka, na ndani yake likasimikwa bango la chuma lenye picha ya Kituo na vijana wanaocheka. Waziri akaja akakata utepe. Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa ni ujenzi tu. Kila mwaka mkaguzi alipita na gari, akaliona bango, akaripoti kwamba Kituo kiko salama.

Sudi alikuwa anashinda nje ya ukuta ule na wenzake, baadaye juu ya ukuta, baadaye ndani. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa akaenda mbali kutafuta kazi nyingine, na hadi leo anatafuta. Mama yake analea mtoto wa watu, anaondoka alfajiri Sudi amelala na kurudi Sudi amelala. Basi siku moja njaa ikamzidi Sudi, akaling'oa bango, akaliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili ya kutosha. Akawagawia wenzake. Wakala, wakacheza mpira.

Mkaguzi alipopita hakuona kitu. Akapiga simu wizarani, akasema Kituo cha Vijana kimeibwa chote, pamoja na bwawa. Jioni ile redio ya taifa ilitangaza kwamba wananchi watakaoona maji yanayotiliwa shaka watoe taarifa. Sudi akakamatwa akiwa na mafuta ya mihogo kwenye shati, ambayo ndiyo yaliyowekwa kuwa ushahidi.

Kwetu mtoto haadhibiwi. Sisi si wakatili. Mtoto hutenganishwa na chanzo chake, basi. Chanzo kikiwa shule, anahamishiwa shule nyingine. Chanzo kikiwa inzi, anapuliziwa dawa, anarudi kwao. Lakini chanzo kikiwa ni mzazi wake, anapelekwa Kambi ya Maadili huko Nyika ya Chumvi mpaka aote ndevu, na mzazi haruhusiwi kumtembelea, maana hapo atakuwa anarudishiwa kilekile kilichomharibu.

*

Asubuhi nilipokwenda kukichukua Kigoda stoo, nilimkuta mwanamke amesimama mlangoni. Mtu wa makamo, mwembamba, kajifunga khanga kiunoni, ndala zimeisha upande mmoja. Akaniamkia, kisha akaniuliza kwa upole.

"Kaka, leo kinaanzia wapi?"

"Shuleni, halafu tutaona."

"Mimi ndiye mama yake Sudi. Naweza kufuatana nacho?"

"Barabara ni ya wananchi wote," nikamwambia. Ndivyo ninavyowajibu wananchi.

"Kikiishia kwa mtu mwingine, mwanangu anarudi nyumbani?"

"Kwa mtu mwingine yeyote, dada. Hata kwa mdudu."

Akashusha pumzi. Akaniambia ameomba ruhusa kazini, lakini anatakiwa arudi kabla mtoto anayemlea hajaamka usingizi wake wa mchana, kwa sababu mtoto huyo hali chakula kwa mkono mwingine. Nikamuuliza anafanya kazi kwa nani. Akasema kwa Mheshimiwa Lubasha, Waziri wa Vijana na Maadili. Nikamtazama vizuri zaidi, maana si kila siku unatembea na mtu wa nyumba ile.

Shuleni tulipokelewa kwa nyimbo. Watoto walikuwa wamekaa sakafuni, si kwa utovu wa nidhamu, ila madawati yao yalikuwa yameazimwa na Wizara kwa ajili ya kongamano la kutafakari upungufu wa madawati. Mwalimu Mkuu, Bwana Mpangala, alijisafisha koo.

"Mtoto Sudi namfahamu," alianza. "Hesabu alikuwa haambiwi kitu. Madawati yalipoondoka akasimama nyuma ya darasa muhula mzima, kisha akaacha kuja. Kwa hiyo naomba ieleweke kwamba aliyefanya kitendo kile hakuwa mwanafunzi. Wanafunzi wangu wako hapa, mnawaona, na hakuna hata mmoja aliyeiba bwawa."

Watoto wakapiga makofi. Walikuwa na mazoezi mazuri ya makofi, maana ndilo somo walilokuwa nalo wiki hiyo.

Siwema aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, sikujua kama ameacha shule."

"Tulikuita, mama. Hukutokea."

"Mliniita saa za kazi."

"Na shule nayo tunaifungua saa za kazi, mama, tungefanyaje?" Mwalimu Mkuu akanigeukia. "Kipelekwe polisi. Mtoto akiwa hayuko shule ni wa polisi."

Nikakibeba. Kutoka shuleni hadi kituoni ni mbali na jua lilishapanda. Siwema alinifuata nyuma kidogo, kwenye kivuli changu. Mimi nilikuwa nalalamikia bega, na yeye akawa ananipa pole.

Mkuu wa kituo cha polisi, Afande Kinabo, alikuwa ameshavaa gwanda la sherehe. Hotuba yake ilikuwa ya kujivunia. Alisema polisi walishamsaidia Sudi kabla. Walimkamata kwa uzururaji akiwa amekaa kibarazani kwao, na kwa kuwa hakuna mahabusu ya watoto, wakamlaza na wezi wazoefu ili ajionee mwenyewe mwisho wa uhalifu.

"Na huko," alisema Afande, "ndiko alikofundishwa vyuma vinanunuliwa wapi, bango linang'olewaje bila kelele, na muda gani mzuri. Kwa maneno mengine sisi tumempa elimu. Namna alivyoitumia si juu yetu. Elimu ni ya Wizara."

Askari wakapiga saluti. Ukumbini pale palikuwa na viti vingi vya plastiki, lakini vilikuwa vimefungwa utepe kwa ajili ya wageni waalikwa. Siwema aliegemea ukuta, askari mmoja akamwambia ukuta una rangi mbichi. Akasimama katikati.

"Afande," alisema, "aliponirudia kutoka humu ndani alikuwa haongei. Niliuliza kafanywa nini, nikaambiwa nenda, utaitwa."

"Basi ungesubiri kuitwa, mama," akasema Afande, na hakusema kwa ubaya.

*

Wizarani tulifika jua limeanza kuinama. Mheshimiwa Lubasha alikuwa jukwaani kwenye kongamano. Ukumbi umejaa. Wajumbe, watu wazima wenye vitambi, walikuwa wamejibana kwenye madawati ya shule ya msingi, magoti yamegusa videvu, wanatafakari. Hakuna pa kutia mguu, sembuse pa kukaa.

Mheshimiwa alipokiona Kigoda kinaingia, alikatiza hotuba. Alitazama saa ya ukutani. Tarishi wa kengele alikuwa ameshasimama dirishani na nyundo yake. Hapo ndipo niliposhuhudia hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kuzisikia, na nimesikia nyingi.

"Ndugu wananchi," alisema, "tatizo hili ni mtambuka. Linagusa sekta zote, kwa hiyo haligusi hata moja. Vijana wetu wameharibiwa na utandawazi. Wameharibiwa na simu. Wameharibiwa na suruali za kubana, zinazozuia damu kupanda kichwani. Kwa hiyo naelekeza Kigoda kipelekwe kwa utandawazi."

Katibu wake akamnong'oneza kwamba utandawazi hauna ofisi hapa mjini.

"Basi kipelekwe kwa baba wa mtoto."

Hajulikani aliko, akanong'onezwa.

"Kipelekwe kwa waziri aliyenitangulia. Mradi ule aliuanzisha yeye."

Katibu akainama tena, safari hii kwa muda mrefu. Ilibidi akumbushwe kwamba aliyemtangulia ni yeye mwenyewe, kabla Baraza halijavunjwa na kuundwa upya. Jasho jembamba likaanza kumtoka Mheshimiwa. Kila mjumbe akawa anachunguza dawati lake, wengine wakawa wanasoma majina ya watoto yaliyochongwa kwenye mbao. Tarishi akainua nyundo. Siwema alikuwa pembeni yangu, na naapa niliona uso wake umefunguka kidogo kwa mara ya kwanza siku ile, maana hata mtu asiyejua sheria angeona Kigoda kimekwama kwa waziri na Sudi anarudi nyumbani.

Bega lilikuwa linaniwaka moto. Kanuni zinaruhusu Kigoda kiwekwe chini wakati wa hotuba, nikakiweka chini, kati yangu na yule mama.

Siwema alikuwa amesimama tangu alfajiri. Kwa Mheshimiwa alikuwa amesimama akipika uji, shuleni alisimama, polisi alisimama, barabarani alitembea. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaka, samahani kidogo." Akakaa.

Alikaa kama mtu anayekaa jikoni kwake. Akavua ndala moja, akaanza kujikanda kifundo cha mguu, macho ameyafumba.

Kengele ikalia.

Sijui kilichoanza kati ya makofi na vigelegele. Wajumbe walijaribu kusimama, madawati yakainuka nao. Siwema alifumbua macho akatazama kushoto na kulia, akanitazama mimi. Niliona huruma, kusema kweli, lakini huruma haimo kwenye kanuni.

"Nimekaa tu," alisema. "Miguu."

"Mmesikia wenyewe," alisema Mheshimiwa, na rangi ilikuwa imemrudi usoni. "Amekaa tu. Hakusukumwa, hakulazimishwa. Miaka yote hii tumekuwa tukitafuta raia mmoja mwenye moyo wa kuwajibika, na leo tumempata, tena ni mwanamke."

"Baba, sikuwa na maana hiyo. Naomba nisimame."

"Kaa, mama, kaa. Umeshachoka sana."

Mtaalamu wa malezi akaitwa jukwaani kueleza kitaalamu. Alieleza kwamba utafiti umeonyesha mama huyu haonekani nyumbani kwake tangu alfajiri hadi usiku, hata siku za mapumziko, na kwamba mtoto anayekua bila macho ya mama hushikwa na tamaa ya vyuma. Wajumbe wakatikisa vichwa. Mheshimiwa akatoa wito kwa akina mama wote nchini wakae na watoto wao, wawapikie, wawaimbie, wajue wameamkaje. Alisema kwa hisia, mpaka akatoa leso. Kisha akamtazama Siwema kwa karibu.

"Sura hii kama naifahamu."

"Ni mimi, baba. Dada anayemlea Brayani."

"Ahaa." Akafikiri. "Brayani amekula?"

"Alikula uji asubuhi. Wote aliumaliza."

"Vizuri," akasema Mheshimiwa.

Siwema akapewa soda kwa niaba ya taifa. Aliishika bila kuinywa, akauliza kama anaweza kuondoka, maana mtoto atakuwa ameamka.

*

Kesho yake lori la Kambi lilikuja kuwachukua watoto. Askari alichora mstari wa chaki barabarani, Chanzo kisiuvuke. Siwema akasimama upande wake na kifurushi cha mihogo ya kukaanga, ambacho nacho hakikuruhusiwa kuuvuka. Sudi alikuwa nyuma ya lori, kichwa kimenyolewa. Mtoto mrefu, miguu kama ya korongo, umri wa kubadilika sauti.

"Mama, ni kweli ulikaa?"

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu."

Sudi akafikiri kidogo. Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza tu kama mtu wa hesabu.

"Si ungekaa chini?"

"Sikufikiri," alisema mama yake.

Lori likawaka. Yeye akabaki kwenye mstari mpaka vumbi likatulia, halafu askari akaja akaufuta mstari kwa buti, kwa sababu chaki ni mali ya shule.

Sasa hapa ndipo nchi yetu inaponifurahisha, jinsi isivyomwacha mtu. Sheria inasema aliyethibitika kuwa Chanzo asikaribie mtoto yeyote, kwa hiyo Siwema akarudishwa kwake kukaa. Nyumba tupu, hana kazi, hana mtoto. Lakini kwa Mheshimiwa hali ikawa mbaya. Brayani aligoma kula. Dada mpya aliyeletwa aling'atwa mkono. Mama Brayani hakulala, akamwambia mumewe kwamba kama serikali haiwezi kumlisha mtoto mmoja, na iseme. Mheshimiwa akalipeleka jambo Barazani. Lilijadiliwa kwa uzito, likapita kwa sauti moja kabla ya chai: kwamba aliyethibitika kumharibu mtoto wake mwenyewe anaweza, kwa maslahi ya taifa, kuwalea watoto wa viongozi, ili mradi awe amechujwa. Siwema alihesabiwa amechujwa. Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea habari, kwa kuwa tangu Kigoda kipate mwenyewe kazi zimepungua.

Alikuwa ameketi kibarazani pale alipokamatwa mwanawe mara ya kwanza. Nilipomweleza akasema asante, akaingia ndani kuchukua khanga yake.

*

Baadaye nilitumwa nyumbani kwa Mheshimiwa kupeleka maua ya pongezi, kwa sababu Mama Brayani alikuwa ameteuliwa kuwa Mama Bora wa Mwaka, na waliomteua walisifu hasa unene wa mtoto. Nikakaribishwa nisubiri karibu na mlango wa sebule. Mama Brayani alikuwa amejinyoosha kwenye kochi. Siwema alikuwa chini, kwenye zulia, anamlisha Brayani uji wa ulezi kwa kijiko, anamfuta mdomo kwa kidole. Mtoto amemlalia kifuani, anamchezea sikio.

Televisheni ilikuwa inaonyesha Kambi ya Maadili. Watoto walikuwa wamepangwa mistari kwenye chumvi nyeupe, jua linaakisi mpaka huwezi kutazama. Mtangazaji akasema kila asubuhi watoto hukiri vyanzo vyao mbele ya bendera, na leo atakayeongoza ni kijana aliyeonyesha mabadiliko makubwa kuliko wote. Akatokea mbele mtoto mrefu, kavaa kaptula ya khaki isiyomfika magotini.

Nilimtambua kwa miguu. Siwema nadhani alishamtambua kabla hajageuka.

Kijana akaweka mkono kifuani. Sauti ilikuwa imeshakuwa nzito. "Chanzo changu ni mama yangu," alisema. "Mama yangu hakuwepo. Nimemwacha. Sina haja naye." Wenzake wote wakaitikia nyuma yake, kila mmoja kwa chanzo chake, na kelele yao ikamfunika.

Siwema aliweka kijiko kwenye bakuli. Akanyoosha mkono, akachukua rimoti pembeni ya mguu wa Mama Brayani, akaongeza sauti. Kijana alirudia mara ya pili, na mama yake akainamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Brayani akapiga makofi.

"Huyo si mtoto wako?" Mama Brayani aliuliza. "Mbona amependeza. Amejaa."

"Sauti imebadilika," alisema Siwema. "Sikuwa nimeisikia hii."

Kipindi kikaisha, ukapigwa wimbo wa taifa. Akamfuta mtoto mdomo, akachota uji, akaupoza kwa kuupuliza.

"Mama," alisema bila kugeuka, "kesho wataonyesha tena?"